"Mtoto Atasahau": Je, Ni Kweli?



Mara hii napenda tutafakari pamoja neno moja dogo ambalo sisi wazazi na viongozi tumezoea kulisema. Mtoto akiumizwa, iwe kwa kipigo, kwa kunajisiwa, au kwa kuona mambo ambayo mtoto hakupaswa kuyaona, haupiti muda mrefu kabla mtu mzima mmoja hajasema: "Ni mtoto tu, atasahau."

Wengi wanaolisema neno hili si watu wabaya. Wengine wanataka kumfariji mama anayelia. Wengine wamechoka, maana mkimbizi ana mizigo mingi na hawezi kuibeba yote kwa siku moja. Na kwa nje neno hili linaonekana kuwa la kweli. Tumewaona watoto waliofika hapa wakiwa wamepoteza kila kitu, na baada ya wiki mbili wanacheza mpira wa makaratasi kati ya nyumba. Tangu mwisho wa mwaka 2022 watoto wengi wamepokelewa Nkamira, kule Rubavu, wakitokea Masisi na Rutshuru. Ukiwaona wakicheza utasema, tazama, wamekwisha kusahau.

Basi swali letu ni hili. Ikiwa mtoto aliyeumizwa anaweza kuinuka tena, akacheza, akasoma na akacheka, je, kuinuka kwake kunapunguza uzito wa kosa alilotendewa? Na je, kunatupa sisi wakubwa ruhusa ya kunyamaza?

Mimi najibu hapana kwa maswali yote mawili. Lakini haitoshi kusema hapana tu. Ni lazima tuonyeshe kwa nini, kwa sababu upande wa pili nao una hoja zake, na wengine wetu tumezishika kwa muda mrefu.

1. Walichokiona watoto wa nchi hii

Nchi inayotuhifadhi inalijua jambo hili kwa namna ya kutisha. Miezi kama 13 baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 kuanza, wataalamu waliwahoji watoto 3,030 wa umri wa miaka 8 hadi 19 katika Rwanda. Watoto 90 katika kila 100 walisema waliamini kwamba wao wenyewe watakufa. Watoto 15 katika kila 100 walijificha chini ya maiti ili wapone.

Mpendwa msomaji, mtu akimwambia mtoto wa namna hiyo "utasahau", amemwambia nini? Kwa kweli amemwambia: "Mimi sitaki kusikia." Mtoto analielewa hilo haraka, naye ananyamaza. Sisi tunauona ukimya wake na kuuita kusahau.

Lakini mwili hausahau. Mtoto wa miaka 9 anaanza tena kukojoa kitandani. Mwingine anashtuka mlango ukigongwa. Mwingine aliyekuwa wa kwanza darasani anakuwa wa mwisho, na mwalimu anamwita mvivu. Mwingine anawapiga wadogo zake bila sababu. Wanyarwanda wana neno lao, ihahamuka, kwa yule ambaye hofu ya zamani imemrudia mpaka pumzi inamkatika. Kila mwezi wa Aprili, wakati wa kumbukumbu, bado wako watu wanaopatwa na hali hiyo, na baadhi yao walikuwa watoto wadogo mwaka 1994. Leo ni akina baba na akina mama, miaka zaidi ya 30 imepita. Kama mtoto angekuwa anasahau, jambo hili lisingekuwapo.

Pale Gisozi, katika Jumba la Kumbukumbu la Mauaji ya Kimbari lililofunguliwa mwaka 2004, kuna sehemu ya watoto. Ni picha za watoto, na chini ya picha kumeandikwa mambo ya kawaida kabisa: jina lake, umri wake, chakula alichokipenda, rafiki yake au kitu alichopenda kuchezea. Kisha kumeandikwa jinsi alivyouawa. Nawashauri wazazi waende pale hata mara moja. Maana tunaposema "watoto ni wastahimilivu, watoto huvumilia yote", tunawahesabu wale waliobaki. Wale wa kwenye picha hawakupungukiwa na ustahimilivu. Walikosa mtu wa kuwalinda.

Ndiyo sababu ustahimilivu wa mtoto hauwezi kuwa hoja ya kumtetea mkosaji, wala ya kututetea sisi tulionyamaza. Unatuambia habari za mtoto. Hautuambii kwamba tendo lilikuwa dogo.

2. Mtoto huinuka, lakini hainuki peke yake

Sasa tuseme ukweli wa upande wa pili, maana nao ni ukweli. Watoto huinuka. Wanyarwanda huuita uwezo huo ubudaheranwa, maana yake kukataa kushikwa na huzuni mpaka ikawa ndiyo bwana wako. Neno hili ni zuri kwa sababu halisemi kwamba huzuni haipo. Linasema ipo, lakini haitanimiliki.

Ila tuulize: uwezo huo hutoka wapi? Je, kila mtoto huzaliwa nao, kama anavyozaliwa na meno yake?

Katika uchunguzi ule wa watoto 3,030 kulikuwa na jambo la kushangaza. Watoto waliokuwa wakiishi katika vituo walikuwa wameona mabaya mengi zaidi kuliko wale waliokuwa wakiishi mitaani na vijijini kati ya watu. Hata hivyo, dalili za mateso ya moyo zilikuwa chache zaidi kwa wale wa vituoni. Mimi simaanishi kwamba kituo ni bora kuliko familia. Rwanda yenyewe baadaye ilichagua njia ya familia: hesabu ya mwaka 2012 ilikuta watoto na vijana 3,323 katika vituo 33, na tangu hapo wengi wamepelekwa kwa ndugu zao au kwa familia za kuwalea, katika mpango uitwao Tubarerere mu Muryango, yaani tuwalee katika familia. Ninachosema ni kwamba wingi wa mabaya aliyoyapata mtoto si jambo pekee linaloamua atakuwaje. Yale anayoyakuta baadaye, mahali alipo na watu alio nao, yana uzito mkubwa.

Mfano mwingine unajulikana sana hapa. Mwaka 1996 wanafunzi 12 waliookoka mauaji, wakisoma Chuo Kikuu cha Taifa kule Butare, waliunda chama kiitwacho AERG. Chama kilienea hata katika shule za sekondari, ambako wengi walikuwa bado watoto. Hawakuwa na wazazi, basi wakajifanyia familia. Kila kundi lilichagua mmoja wao kuwa baba na mwingine kuwa mama, ingawa umri wao ulikuwa karibu sawa. "Baba" huyo aliuliza habari za masomo, aliwatembelea wagonjwa, na siku ya harusi alisimama mahali pa mzazi. Mtu anaweza kucheka akisikia kwamba kijana wa miaka 22 ni baba wa kijana wa miaka 20. Mimi naona hekima kubwa. Vijana wale walijua bila kufundishwa na mtu kwamba hakuna anayeinuka peke yake. Waliona kwamba kinachohitajika ni mtu wa kukuuliza jioni, "Umekula? Umefika salama? Mtihani ulikwendaje?"

Kwa hiyo tusikosee. Tunapomsifu mtoto kwa sababu ameinuka, tuulize pia ni nani aliyempa mkono. Na tunapomwona mtoto ambaye hajainuka, tusimlaumu yeye. Tuulize ni nani hakumpa mkono.

3. "Mbona sisi tulipigwa na tumekuwa watu?"

Hii ndiyo hoja ninayoisikia zaidi. Mzee anasema: "Baba yangu alinichapa mpaka damu ikatoka, na leo mimi ni mtu mwenye heshima." Wengine wanaongeza methali: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Ndugu zangu, yule aliyevuka mto uliofurika hawezi kutuambia kwamba mto ule ni salama. Anaweza tu kutuambia kwamba yeye alivuka. Ili kujua habari za mto tungepaswa kuwauliza na wale waliochukuliwa na maji, nao hawapo kikaoni. Wako wenzetu tuliokua nao waliochapwa vilevile, na leo wamezama katika pombe, au wanawapiga wake zao, au walitoroka nyumbani wakiwa na miaka 13 na hatujui waliko. Wao hawaitwi kutoa ushuhuda.

Tena methali ile haikusema mpige mwana. Ilisema usiogope kilio chake. Mtoto hulia pia anapokatazwa, anaponyimwa, anapoambiwa rudisha ulichochukua na uombe radhi. Kumrudi mtoto ni kazi ya mzazi na hakuna anayeifuta. Na wale wanaotaja fimbo ya kitabu cha Mithali, tukumbuke fimbo ni chombo cha nani. Sisi tuliotoka Masisi na Minembwe tunamjua mfugaji. Fimbo yake huonyesha njia, humzuia ng'ombe asiingie katika shamba la watu, humfukuza mbwa mwitu. Mfugaji anayevunja mguu wa ndama wake, hakuna kijiji kitakachomwita mfugaji hodari.

Jambo hili si la watu wachache. Uchunguzi uliofanywa Rwanda mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wasichana, na wavulana sita katika kila kumi, hupatwa na ukatili wa aina fulani katika utoto wao, uwe wa mwili, wa kingono au wa maneno. Na wanaowafanyia mara nyingi si wageni. Ni wazazi, majirani, walimu, marafiki. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sheria ya nchi hii ya mwaka 2018 ya kumlinda mtoto inakataza adhabu kali na za kumdhalilisha, na haibagui mtoto wa mkimbizi na mtoto wa mwenyeji.

4. Kosa la upande mwingine: "Huyu ameharibika"

Kuna watu wanaokataa neno "atasahau", lakini wanaangukia shimo la upande wa pili. Wanasema: "Huyu msichana ameharibika. Huyu kijana ameshaona damu, hafai tena." Wanasema kwa huruma, lakini ni huruma inayofunga mlango.

Baada ya mwaka 1994 walizaliwa katika nchi hii watoto kwa maelfu kutokana na ubakaji. Hawakuwa wametenda kosa lolote, na hata hivyo wengi wao walikua wakiitwa majina ya aibu, mara nyingine na ndugu wa damu. Leo wamepita miaka 30. Wako kati yao wanaofanya kazi, wenye familia, wanaowatunza mama zao waliozeeka. Kama hukumu ya "ameharibika" ingekuwa ya kweli, wasingekuwapo. Na hata wao hawasemi kwamba hawakuumia.

Mtoto aliyeumizwa anahitaji tuseme mambo mawili kwa pamoja, bila kuacha hata moja: "Ulilotendewa ni baya sana, na kosa si lako." Tena: "Maisha yako hayakuishia hapo." Ukisema la kwanza tu, umemfungia ndani ya jeraha. Ukisema la pili tu, umelikana jeraha.

5. Amani ya nani?

Hapa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Tuseme kuna msichana wa miaka 12, katika ua wa nyumba za kupanga. Jirani amemnajisi. Mama anajua, baba anajua. Wazee wanaitwa, na wanakaa usiku ili watu wasisikie. Jirani anaomba radhi, analeta fedha au mbuzi. Baba anapokea, kwa sababu kodi ya nyumba ya miezi miwili haijalipwa. Mtu mmoja anasema, "Tusiharibu jina la msichana, atasahau." Wanaomba, wanaagana.

Kesho yake msichana anachukua jerikani kwenda kuchota maji, na njia ya kisima inapita mbele ya mlango wa yule jirani.

Nauliza: amani iliyopatikana usiku ule ni ya nani? Ni ya wanaume wawili. Mwenye jeraha hakuwapo kikaoni, hakuulizwa, hakupokea kitu. Na msamaha uliotolewa ulitolewa na nani? Kusamehe ni haki ya aliyeumizwa. Mimi siwezi kusamehe deni ambalo si langu. Hata siku msichana huyo, akiwa mtu mzima, akisamehe kwa moyo wake, msamaha huo hauifuti sheria, wala hautuondolei wajibu wa kuwalinda watoto wengine wa ua ule.

Naijua hofu yetu wakimbizi. Tunasema, tukipeleka mambo polisi tutaonekana watu wa fujo katika nchi ya watu. Tunasema, labda faili letu la HCR litachafuka na tutakosa safari ya kwenda nchi ya tatu. Tunasema, yule jirani ndiye mtu wa kwetu pekee tuliyebaki naye tangu kule tulikotoka. Hofu hizi si za kuchekwa. Kati yetu wako walioshambuliwa Mudende mwaka 1997, mwezi wa Agosti na tena Desemba, ndani ya kambi iliyopaswa kuwa kimbilio lao. Wakahamishiwa Gihembe, na Gihembe ilipofungwa mwaka 2021 wakapelekwa Mahama. Watu waliohamishwa namna hiyo hujifunza kushikamana na kumaliza mambo yao wenyewe kwa wenyewe.

Lakini tuangalie vizuri ni nani anayelipa gharama ya mshikamano wetu. Kama umoja wetu unasimama juu ya ukimya wa mtoto wa miaka 12, basi tumempa yeye mzigo ambao sisi wakubwa tumekataa kuubeba. Kisha tunamsifu: "Ni mvumilivu sana mtoto huyu."

6. Tufanye nini?

Sina mambo mengi ya kuongeza, nina matatu tu.

Kwanza, tumsikilize na tumwamini. Mtoto akianza kusema, usimkatize, usimuulize "ulivaa nini" wala "ulikwenda kufanya nini huko". Mwambie: "Umefanya vizuri kuniambia." Wengi huumizwa wasiseme kwa mtu yeyote, na wanaotafuta msaada ni wachache zaidi. Akikataliwa mara ya kwanza, huenda asijaribu tena.

Pili, tusichelewe. Mtoto aliyenajisiwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asiogeshwe kwanza, nguo zake zisifuliwe. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI hufaa tu ikianzwa ndani ya saa 72. Kituo cha Isange kilianza mwaka 2009 katika Hospitali ya Polisi ya Kacyiru, hapa Kigali, na sasa viko katika hospitali nyingi za nchi. Isange maana yake ni jisikie uko nyumbani. Mahali pamoja mtoto huonwa na daktari, mshauri wa moyo na mpelelezi, bila malipo. Simu ya bure ni 3512, na ile ya watoto ni 116. Tena kila kijiji kina Inshuti z'Umuryango wawili, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, ambao ni wajitoleaji wa kulinda watoto. Tuwajue kwa sura kabla hatujawahitaji.

Tatu, tukae naye. Hili ndilo refu kuliko yote. Kesi ikiisha, majirani wakiacha kuongea, mtoto bado yupo. Anahitaji mtu mmoja asiyechoka, shangazi, mwalimu, mama wa kwaya, wa kumuuliza jioni kama vijana wale wa AERG walivyoulizana. Mkono mmoja haulei mwana, na mtoto aliyeumizwa anahitaji mikono zaidi, si michache.

Basi, mpendwa, siku nyingine ukisikia "atasahau", jibu kwa upole: "Huenda atainuka. Lakini hatasahau, na hata akiinuka, sisi bado tuna la kufanya." Mungu awabariki.

Maswali ya kujadili nyumbani na katika vikundi

1. Katika ua wetu au mtaa wetu, mtoto mwenye shida anaweza kwenda kwa nani? Je, yeye mwenyewe anamjua mtu huyo?

2. Kuna tofauti gani kati ya kumrudi mtoto na kumwumiza? Toeni mifano ya nyumbani.

3. Wazee wanapokaa kupatanisha, nani husema kwa niaba ya mtoto?